Walezi Watano wa Samaki Mmoja

Alhamisi, tarehe 9. Asubuhi mawingu mazito, upepo hakuna. Nguo nilizoanika jana bado zina unyevu.

Kwa Msimamizi wa Malalamiko ya Wateja,
Kampuni ya Vidhibiti vya Matangi ya Samaki.

Ndugu Msimamizi,

YAH: KUONDOLEWA KWA WALEZI WANNE

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote unaofanya nao kazi. Sisi hapa ni wazima, isipokuwa samaki.

Mimi ni karani wa masjala, mwaka wa kumi na saba sasa, na sijawahi kupoteza faili. Ninakuandikia kwa karatasi kwa sababu mara nne nimeandika kupitia programu yenu ya simu, na mara nne nimejibiwa kwa picha ya samaki anayecheka na maneno "Tunafurahi kwamba unafurahi". Sikuwa nimefurahi hata siku moja kati ya hizo nne. Tarehe ninazo.

Mume wangu ni mpimaji wa barabara. Hukaa kambini wiki tatu, nyumbani wiki moja. Miaka tisa iliyopita alikuja na samaki wa dhahabu ndani ya mfuko wa plastiki, mdogo kama kidole cha mwisho. Leo analingana na kandambili ya mtu mzima. Tunamwita Hakimu, kwa jinsi anavyomkazia mtu macho na kufungua mdomo kama anayetaka kusoma hukumu, kisha akaahirisha. Kwa miaka yote hiyo mitambo yetu ilikuwa ndoo mbili, mpira wa maji, kitambaa, na pampu ya hewa iliyokoroma kuliko baba mwenye nyumba. Maji machafu niliyavuta kwa mdomo kupitia mpira, na si mara moja yalinitangulia. Nililisha asubuhi na jioni, punje kwa vidole, nikaandika katika shajara. Hakuna aliyeniuliza neno.

Mwezi uliopita, tarehe 10, mume wangu alifunga kidhibiti chenu. Kinapima maji, kinawasha taa, kinalisha, kina kamera na spika, na kinapokea walezi watano popote walipo. Mume wangu, kwa moyo wake mweupe, alijiandikisha yeye, akaniandikisha mimi, mama yake, dada yake na mdogo wake. Kutokana na hayo nina malalamiko yafuatayo.

1. Alama. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi kidhibiti huwatumia walezi wote alama za usafi wa maji, juu ya mia. Mama mkwe wangu alifundisha darasa la tatu kwa miaka thelathini na mmoja. Mtu wa namna hiyo hapewi alama halafu akaambiwa ni za maji. Yeye anajua ni zangu. Nilipopata 81 aliniambia nisibweteke. Nilipopata 64 alipiga simu kuuliza kama kuna jambo ninamficha. Sasa nina 38, na haniulizi tena mimi, anamwuliza mwanawe.

2. Kulisha. Samaki wa dhahabu hajui neno "nimeshiba". Akiona kivuli cha mtu tu anakuja kwenye kioo na mdomo wazi. Zamani alikuwa ananiomba mimi peke yangu, nami nilikuwa najua kugeuka na kwenda kupika. Siku hizi anaiomba kamera, na kamera inapeleka ombi lake miji minne. Mama mkwe anasema kiumbe akikujia mdomo wazi haulizwi maswali, hupewa. Wifi yangu ana duka la vitambaa, naye hubonyeza kitufe cha chakula kila anapokosa mteja. Na kwa maelezo yake mwenyewe, biashara ni mbaya. Shemeji yangu, mwanafunzi wa uhasibu, hubonyeza ili marafiki zake waone. Mume wangu hubonyeza akipata mtandao, na nimesikia kwamba huko kambini kuna kilima anachokipanda kwa ajili hiyo tu.

Kidhibiti chenu kinaonyesha jumla ya milo, hakionyeshi nani alibonyeza. Wiki iliyopita, Jumatatu milo kumi na mmoja, Jumanne kumi na mitatu, Jumatano tisa. Chakula changu mimi ni kile cha mkononi, mara mbili kwa siku, na kimeandikwa. Kwa hiyo, ndani ya siku tatu, milo thelathini na mitatu imetolewa na watu ambao hawajawahi kushika mpira ule wala kuonja maji yake. Kinachoingia mdomoni hutoka upande wa pili. Wenye vidole ni wengi, mwenye ndoo ni mmoja.

3. Njia nilizojaribu. Usije ukasema sikujisaidia. Niliondoa chakula kwenye kisanduku. Mara walezi wote wakapata ujumbe, "Chakula kimekwisha, rafiki yako ana njaa", pamoja na picha ya samaki anayetoa chozi, ingawa sijui chozi litaonekanaje ndani ya maji. Hazikupita dakika arobaini, bodaboda wa hapa mtaani, aliyeagizwa na wifi kwa simu, akawa mlangoni na kilo mbili za chakula cha samaki. Siku iliyofuata nilichomoa waya. Ujumbe ukaenda, "Mlezi mmoja amekata mawasiliano." Shemeji akauliza kwenye kundi la ukoo kama nimehama nyumba. Mume wangu, akiwa juu ya kilima chake, alipokea pole tatu.

4. Spika. Jumatano mchana alikuja msoma mita ya maji. Nilimwacha sebuleni nikaenda kumchukulia funguo za nje. Mara tangi, kwa sauti ya mama mkwe, likamwuliza yeye ni nani na anafanya nini kwa mwanawe. Kijana ana adabu. Aliinama kidogo akamwamkia Hakimu shikamoo. Tangi likaitikia marahaba, likamwuliza kama mama mwenye nyumba huwa anashinda hapa ama vipi. Niliporudi nilikuta anajieleza. Mita hakusoma. Bili tumekadiriwa.

5. Taa. Rangi ya zambarau inayowakawaka inachaguliwa na shemeji saa nane za usiku. Hapa sina la kuongeza.

6. Afya. Tangu Jumanne Hakimu anaelea juu ya maji kwa ubavu, tumbo limemjaa kama mto wa kulalia, jicho moja linatazama dari. Muuzaji wa samaki wa mapambo nilimpigia simu. Aliniambia kwamba huo ni ugonjwa wa kushiba, kwamba dawa yake ni siku tatu bila hata punje moja, na maji kubadilishwa theluthi kila siku. Na kwamba tukiendelea hivi hatafika wiki ijayo. Niliwaomba walezi wenzangu kwenye kundi. Wote walikubali, kila mmoja akaweka alama ya viganja viwili. Jioni nilitazama jumla ya siku ile: milo kumi na miwili.

7. Kikao. Mama mkwe ameitisha kikao Jumamosi saa kumi jioni, hapa kwangu. Ajenda ameziandika mwenyewe: (a) Maji. (b) Mkamwana. (c) Mengineyo. Chini ya mengineyo kuna pendekezo kwamba Hakimu ahamishiwe kwa wifi "mpaka mhusika atakapofikia alama za kuridhisha". Kwa wifi ni mwendo wa saa mbili. Samaki anayeelea kwa ubavu hafiki ndani ya ndoo, na akifika, atawekwa mbele ya mwanamke asiye na mteja. Halafu jambo lenyewe, Ndugu Msimamizi, nilitazame mimi kama mimi. Nimemlea miaka tisa. Mwanamke akishatangazwa mbele ya ukoo kwamba ameshindwa samaki, kesho atatangazwa ameshindwa nini? Ninyi ni watu wa vifaa, huenda hamlijui hili.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima:

Kwanza, muwaondoe walezi wanne, nibaki mimi ninayelisha kwa kipimo.

Kama hilo haliwezekani, basi kila mlezi akibonyeza mara kumi apelekewe mlangoni kwake ndoo moja ya maji ya Hakimu. Chakula kinapelekwa kwa bodaboda, sioni kwa nini matokeo yake yasipelekwe.

Kama hilo nalo haliwezekani, naomba niandikishwe kama samaki wa pili. Nimesoma kijitabu chenu mpaka ukurasa wa mwisho. Samaki anatazamwa na walezi watano, joto lake linajulikana, na akilala ubavu mchana watu wanne wanapiga simu. Mimi Jumapili nililala ubavu mchana kutwa kwa mafua, mbele ya kamera hiyohiyo, kwenye kochi. Simu iliyokuja iliniomba nisogee, namkinga Hakimu.

Wasalimie wote ofisini kwako, wakubwa kwa wadogo, na yule anayechora samaki anayecheka mwambie ana mkono mzuri. Nangoja jibu la binadamu.

Wako mtiifu,
Mlezi Namba Mbili.

Nyongeza. Jumamosi, tarehe 11, alfajiri. Anga safi, umande mwingi.

Jana asubuhi barua hii ilikuwa tayari ndani ya mkoba. Saa kumi na mbili kidhibiti chenu kikatuma ripoti ya siku thelathini, yenye picha ya kikombe, ikimpongeza Mlezi Bora. Safari hii mmetaja nani alibonyeza. Mume wangu mara 9. Shemeji 12. Wifi 51. Mama mkwe 64. Mlezi Namba Mbili, mara 187. Juu kabisa mmeandika kwamba nakala imetumwa kwa walezi wote.

Nilikaa chini. Nilitaka kukuandikia kwamba mashine imekosea. Kisha nikafungua shajara. Mimi nikiwa kazini humtazama Hakimu kwenye simu, na kwa kuwa samaki mgonjwa hukataa chakula, kila nilipotaka kujua hali yake nilimdondoshea punje chache kwa kitufe nione kama anakula. Alikula kila mara, nikatulia. Hiyo haikuwa kulisha, ilikuwa ukaguzi, na ukaguzi una safu yake, kwa kalamu nyekundu. Nimejumlisha safu hiyo mara mbili. Ni 187. Shajara yangu haijawahi kukosea.

Mama mkwe alipiga simu kabla sijanawa uso. Nilipokea nikiwa nimesimama. Akasema, "Mwanangu, kumbe na wewe akifungua mdomo huna jibu. Mimi nilidhani humpendi." Akasema basi vidole vyote vitafunga siku tatu, tuanze na changu kwa kuwa ndicho kikongwe kuliko vyote. Kikao kipo palepale saa kumi, ila mengineyo yamefutwa, na anakuja na ndoo yake.

Kwa hiyo naomba kurekebisha ombi langu la kwanza. Mwondoe mlezi mmoja tu, Namba Mbili. Wale wanne wabaki. Nimeona ni watu wenye kiasi.

Jana sikubonyeza hata mara moja. Simu niliifungia kabatini, ufunguo nikampa jirani. Nililala saa tano na dakika kumi usiku, baada ya kwenda kumtazama mara nne, mikono nyuma. Mara ya nne alijaribu kusimama wima, akashindwa, akajaribu tena.