Jiwe Gumu kwa Mkasi wa Bana Musonda

Jumatatu, 5 Agosti
Nimepata mashine ya kunolea kutoka karakana ya mgodi. Namwomba radhi marehemu Perpetua, mke wangu, kwa kuifunga juu ya meza yake ya kupigia pasi. Nia ni njema. Bana Musonda, mjane mshonaji wa nyumba ya tatu, ana mkasi butu. Nitaunoa bure, atakuja kuuchukua, ataketi, atakunywa chai. Mwanangu Mwila yuko Lusaka, haandiki. Miaka minne nanywa chai peke yangu!

Jumanne, 6 Agosti
Dukani kuna mawe mawili ya mashine: gumu, na laini linalomomonyoka. Jirani yangu Jere, Mngoni, aliyenoa vyuma mgodini hadi kustaafu (hachoki kuyasema hayo), aliingia kwangu bila hodi, akajimiminia chai.

“Wee mla nyani,” akasema, “mkasi ni chuma kigumu, utafutie jiwe laini! Punje zake zikiisha makali zinadondoka, zinatokeza mpya. Jiwe gumu litauunguza tu.”

Jiwe laini kwa chuma kigumu! Ha! Sisi Wabemba na Wangoni ni watani tangu vita vya mababu. Mtani hasemi kweli mpaka siku ya kukuzika. Nikamjibu, kwa heshima zote, kwamba mla panya hanipati.

Nimechukua gumu.

Alhamisi, 8 Agosti
Msiba! Jiwe liling'aa kama kioo, likakataa kukata. Nikakandamiza. Cheche. Harufu. Makali yakageuka buluu. Bana Musonda aliujaribu palepale langoni, kwenye kitambaa cha sare za kwaya.

“Bashi Mwila,” akaniita kwa jina la mwanangu, “nilikuletea mkasi, umenirudishia mbuzi. Tazama anavyotafuna!”

Niliomba radhi kwa Kibemba, kisha kwa Kiingereza cha misheni. Aliniachia mkasi, hakuketi.

Jere alikuja jioni. Hakucheka, jambo lililoniudhi zaidi. Ati ataondoa sehemu iliyoungua kwa jiwe lake laini, nami niurudishe mkasi kama kazi yangu. Mngoni anatafuta nini? Nilimpa mkasi kwa shingo upande. Alimaliza sukari.

Jumamosi, 10 Agosti
Asubuhi ya neema! Nilipeleka mkasi. Unakata kama wembe. Bana Musonda akanisifu (nilikohoa tu, Mungu anisamehe), kisha akaja kwangu na sufuria ya alumini yenye ukingo wa kukwaruza. Akaketi! Nikabandika chai.

Jere akachungulia kutoka ugani kwake, akapaza sauti: “Mzee, alumini usiitie kwenye jiwe hilo! Itaganda humo, jiwe lizibe, lishike moto, lipasuke!”

Mbele ya mgeni! Nikatabasamu kiungwana, nikawasha mashine.

Jiwe lilipasuka. Kipande kimoja kimetoka kwa njia ya dirisha. Hakuna aliyeumia, Bwana asifiwe. Bana Musonda aliondoka na sufuria kichwani kama kofia ya askari, akisema ataniombea, lakini akiwa kwake.

Jere aliruka ua, akanikagua vidole kimoja kimoja, akafagia vigae, akaziba dirisha kwa ubao. Akabaki mpaka giza, akiwatukana mababu zangu wote kwa majina.

Nimeyatafakari yote. Kosa liko wazi: jiwe halikuwa gumu vya kutosha. Jumatatu nitatafuta gumu zaidi.

Leo pia, ole wangu, nimekunywa chai peke yangu. Jere alikunywa vikombe vitatu.