Kobe Anayelala Kwenye Friji Yangu

Horsens, mwezi Machi

Mheshimiwa Bibi Ulrikke Damsgaard,
Mwenyekiti wa Makao ya Wanyama Watambaao,

Natumaini wewe, nyoka na mijusi hamjambo, na taa zenu za joto zinawaka. Huku kwetu baridi ipo ya kutosha, hasa ndani ya friji, na ndiyo sababu ya barua hii.

Mume wangu Preben, anayejitolea hapo kwenu, alirudi Novemba na kobe ndani ya kisanduku. Akanieleza kwamba kobe wa namna hii hulala majira yote ya baridi mahali penye ubaridi wa friji, na friji zenu zimejaa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu nimempa droo ya mboga. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kabichi, siagi na samaki wetu wa siki wa Krismasi vilihamishiwa roshani. Shakwe wakala samaki, kabichi wakatuachia. Nawashukuru kwa kutufikiria.

2. Jikoni kwangu sasa tunanong'ona. Redio imehamishwa. Nikifunga friji, Preben huniambia, "Polepole, Birthe, watu wamelala." Aliyelala ni mmoja, na ana gamba.

3. Kila Jumapili friji hufunguliwa ili mgeni apate hewa, kisha yeye hupimwa uzito kwenye mizani yangu ya unga, nanyi hupigiwa simu. Akipungua kidogo tu, mume wangu chakula hakimpiti kooni. Mimi nilikohoa Januari nzima, akaniuliza kama siwezi kukoholea sebuleni.

4. Mama mkwe alipoingiza mkono kwenye droo kutafuta kabichi, alishika mguu. Hili silalamikii sana.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, Jumamosi mje kumchukua bila kukosa, mumpeleke kwa hiyo familia ya Aalborg mliyomtafutia. Pili, nafasi yake nipewe mimi. Kama mnaokoa viumbe wa damu baridi, njooni mwone yangu ilivyopoa. Nilazwe kuanzia Novemba hadi Machi, nipimwe kwa mikono ya upole, watu wanong'one, na asitokee wa kuniuliza leo tunakula nini. Taa sihitaji. Sing'ati, isipokuwa nikichokozwa.

Nisalimie wenzako wote, chatu, na yule mjusi aliyemng'ata Preben. Huyo umpe na shukrani zangu.

Ni mimi, mwenye subira iliyobaki kidogo,
Birthe Kallesen

Tanbihi: Hayo niliyaandika jana. Leo asubuhi, Preben akiwa kazini, kobe amefumbua jicho. Nimemwogesha kwa maji ya vuguvugu kama mlivyoelekeza. Amekunywa, kisha akaegemeza kichwa kwenye kidole gumba changu, akatulia hapo. Nasikia amekwisha kupitishwa nyumba tatu kabla ya kwetu, na kila moja ilimchoka. Nimeona vibaya kuondoa kidole. Hao wa Aalborg waombeni radhi kwa niaba yangu. Jumamosi msije.