Barua Zote Hupitia Pumzika Baa

Jumatatu, 5 Septemba 1988

Kipketer amefungua baa ng'ambo ya barabara. Ametoka Endebess na pesa ya maziwa, akanunua spika mbili, kila moja ukubwa wa beberu. Tangu saa nane mchana ni ngoma tu. Wateja wangu walivuka mmoja mmoja, wakijifanya wanaenda kununua sigara. Hakuna aliyerudi. Nimebaki na Mwalimu Eliakim, mstaafu, ambaye hunywa chupa moja mpaka ipate moto.

Lakini mimi si mtu wa kulia. Niliishia darasa la nne, ndiyo, lakini kichwa nilipewa. Kitale yetu imejaa watu wapya, makarani, mafundi, wapangaji wa kila kabila, na katika mtaa huu nani ana sanduku la posta? Mimi! Barua zao zote huandikwa kwa anwani ya Pumzika Baa. Kuna kitu hapo.

Jumanne, 6 Septemba

Nimekipata. Nimetangaza kwamba funguo ya sanduku imepotea, posta wanachonga nyingine, itakuwa tayari Jumamosi. Barua zitagawiwa saa nane, hapa ndani, kila mtu akiwa amekaa na chupa mbele yake. Hata soda ni chupa. Funguo yenyewe iko kifuani mwangu, imefungwa kwa kitambaa.

Binti yangu Nasimiyu aliuliza kama barua ya chuo imekuja. Anangoja kuitwa ualimu. Atakuwa mwalimu wa kwanza katika ukoo wetu tangu dunia iumbwe! Matokeo yake ya mtihani nimeyatundika juu ya kaunta, mtu akilipa ayaone. Nikamwambia pole mama, funguo imepotea. Siri ya biashara haiambiwi watoto, hata wale wenye akili.

Alhamisi, 8 Septemba

Nimeenda posta kimyakimya, kikapu mkononi. Barua kumi na saba! Nimezifunika na sukuma wiki njia yote, sasa ziko ndani ya kreti chini ya kaunta. Moja ni bahasha ya kaki, nyembamba, ya serikali. Hizo nazijua mimi, ni za kodi ama leseni. Hiyo nimeisukuma chini kabisa bila kusoma jina. Barua ya chuo haiwezi kuwa hivyo. Itakuja nene, na mihuri.

Mama Kimaiyo wa kanisani amekuja. Huyo haingii baa. Husimama nje ya ua, barua ya kijana wake wa Mombasa ikipitishwa juu ya ua kama chumvi ya jirani. Nikamwambia Jumamosi ataingia kama wengine. Akasema ataniombea. Nikasema aombe akiwa amekaa.

Nasimiyu ameuliza tena. Hakumaliza ugali. Nimemwongezea nyama.

Jumamosi, 10 Septemba

Baa imejaa mpaka watu wanakalia kreti! Ng'ambo, zile spika zilinyamaza, maana Kipketer mwenyewe alikuwa kwangu, akingoja barua ya kaka yake. Nilimuuzia soda kwa furaha kubwa. Mama Kimaiyo alikaa pembeni, ameficha Fanta ndani ya leso kama mtoto mchanga.

Eliakim aliwasomea wale wasiojua kusoma. Watu walicheka, wengine walilia kidogo, wakaagiza tena. Nilijiona waziri.

Halafu akatoa ile kaki. Nikamwambia aiache, ni ya kodi. Akasema kodi haiitwi Nasimiyu.

Akasoma. Mtoto wangu ameitwa chuo cha ualimu, Bungoma. Alitakiwa kuripoti jana, Ijumaa. Asipofika Jumatatu saa sita mchana, nafasi yake inapewa mwingine. Aje na sanduku la bati, blanketi mbili, godoro, ndoo, jembe, na fomu ya daktari.

Nasimiyu hakulia. Ingekuwa afadhali angelia.

"Mama, funguo ilipotea ama haikupotea?"

Nikaingiza mkono kifuani, nikaiweka juu ya meza mbele ya watu wote. "Haikupotea, mwanangu."

Nilingoja kutukanwa. Kipketer akasema amewahi kuona ujanja, lakini wa kujiibia mwenyewe ni wa kwanza. Kisha akasema pikapu yake itatoka Jumatatu saa mbili asubuhi, na godoro lifungwe vizuri. Kiptanui, daktari wa zahanati, ambaye siku zote hukaa kona ile ya giza ili asionekane, alisimama akaonekana. Alitaka ile fomu.

Jumapili, 11 Septemba

Vitu vimetangazwa kanisani na kwenye baa zote mbili. Blanketi zimekuja tano. Majembe manne! Mama Kimaiyo alileta sanduku la bati la kijana wake, limeandikwa KIMAIYO kwa rangi nyeupe isiyofutika. Aliingia ndani mwenyewe, bila kulazimishwa. Akauliza kama Fanta ingalipo.

Jumatatu, 12 Septemba

Tumekaa watatu mbele, mitungi ya maziwa nyuma, godoro juu yake. Kipketer alikuwa akiendesha kama anafukuzwa. Njiani, pale Misikhu, alisimama kuongeza maji kwa injini, nikashuka dakika moja tu kuwaambia akina mama wa soko kwamba binti yangu anaenda ualimu. Walitaka kujua alama zake. Ningewanyima? Kipketer alipiga honi mpaka kuku wakakimbia.

Tulifika saa sita kasoro dakika nane. Karani akatazama sanduku, akauliza mbona wamechelewa, yeye na huyu Kimaiyo. Nikasema posta ya siku hizi, bana. Nasimiyu aliniangalia. Lakini jina likaandikwa! Mwalimu Nasimiyu!

Alinikumbatia sana langoni. Nikafikiri nimesamehewa.

"Nitakuandikia kila wiki, mama. Kwa anwani ya Kipketer. Ameshalipia sanduku lake."

Jumamosi, 24 Septemba

Barua imekuja. Kipketer amekataa kuivusha. Ati nije, nikae chini, niwe na chupa mbele yangu. Nimekaa! Mimi, ndani ya baa ya mshindani, soda nimeifunika na leso. Eliakim akasoma. Nasimiyu anashiba, analala vizuri, sasa anajulikana chuo kizima kama Mama Kimaiyo. Watu wangu wote walinifuata kusikiliza. Mtaa mzima ulikuwa mle, hata mchungaji kwenye mlango. Kipketer aliuza mpaka akaishiwa.

Niliangalia ule umati, nikawaza. Kisha nikamwambia Eliakim koo limemkauka, apumzike, nikaichukua barua.

Ilikuwa na karatasi mbili. Wamesikia ya kwanza. Ya pili iko kifuani mwangu, pamoja na funguo. Itasomwa Jumamosi ijayo, saa nane, Pumzika Baa. Sijui imeandikwa nini, lakini mtoto ni mzima, sasa haraka ya nini?

Kichwa nilipewa!