Siku Sefania wa Magamba Alipochagua Gari la Kuvutia Boti

Enyi mlioketi na mlio wima, enyi wa Mlalo mliokuja sokoni na wa Kwai mnaonukia maziwa, tueni mizigo yenu mnisikilize! Wengine wameimba vita vya wafalme, na wafalme hao wamekufa. Mimi nawasimulia ya Sefania, mzaliwa wa Lukozi, mkaaji wa Magamba, Bwana wa Viazi, Baba wa Wanne, aliyechagua gari moja kati ya matatu, mchana kweupe, watu wakiona.

Chanzo cha vita kilikuwa mnada. Mnaijua desturi yetu: ibada ikiisha, sadaka za mavuno hunadiwa uani, na mtu mpole aliyetoka kuungama dhambi sasa hivi hununua yai moja kwa bei ya kuku, ili mradi jirani asilipate. Jumapili hiyo, baada ya miwa na bata, likanadiwa boti la kuvulia samaki, la buluu, juu ya trela lake la magurudumu mawili. Lilikuwa sadaka ya mstaafu mmoja aliyelipandisha mlimani kwa lori la kabichi lililokuwa likirudi tupu, kisha akakumbuka kwamba mlimani hakuna ziwa. Valentino wa Kwai, shemeji yake Sefania, akataja bei kwa mzaha. Sefania akaipandisha kwa hasira. Kufumba na kufumbua, mkulima wa viazi akawa nahodha.

"Nahodha wa mawingu!" akacheka Valentino. "Shemeji, huku utavua nini, kabichi?"

Hapo Sefania akapanda ngazi za kanisa, akanguruma: "Sikieni, enyi washarika! Kabla ya Pasaka boti hili litaelea katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kule chini tambarare, nami nitalipeleka kwa gari langu mwenyewe, si kwa lori la mtu! Nikishindwa, ng'ombe wa usharika na walie majani humo!"

Karani wa usharika akayaandika maneno hayo. Gari, Sefania hakuwa nalo.

Sefania wa Lukozi,
moyo mgumu wa kozi,
akalia bila chozi
kwa boti lililo bara.

Mkewe, Modesta, Mwenye Funguo za Sanduku, alimwonya: "Baba Glory, gari ni moja tu tutakalonunua. Boti litavutwa siku moja. Sisi na watoto na mama tutapanda miaka kumi." Sefania akamsikia kama jiwe lisikiavyo mvua.

Ikawa Jumamosi, wiki moja kabla ya Pasaka, Edgar dalali, Mwenye Ulimi Usiochakaa, akapanda kutoka Moshi na madereva wake, akayapanga uani kwa kanisa magari matatu ya familia, yaliyoinuka juu, ya ukubwa wa kati. La kwanza jeupe, kifua mbele kama diwani mpya. La pili jeusi, paa la kioo, linang'aa hata lisipotazamwa. La tatu rangi ya jivu, viti saba, injini ya wastani, uso wa mwalimu mstaafu. Hilo Edgar alilileta ili yale mawili yapendeze.

"Mzee, hili jeupe ni silinda sita," akanadi. "Linang'oa mkaratusi na mizizi yake!"

Trela likafungwa. Jeupe likalivuta boti kupanda mteremko hadi kwenye kengele, vumbi likatimka, wanaume wakapiga mbinja. Jeusi likafuata likihema. La jivu nalo lilifika, taratibu, kama ng'ombe arudiye zizini, na hakuna aliyelitazama ila Modesta, aliyekuwa akihesabu viti.

Sefania akaweka kiganja juu ya boneti la jeupe, akahutubia: "Nimekujua, ewe Nyati Mweupe! Wewe ndiwe uliyeandikiwa kuvuta! Kwa nguvu zako jina langu halitaliwa na ng'ombe!" Na mkono wa pili ukaanza safari ya kuelekea mfukoni.

"Mkwe wangu," ikasema sauti.

Alikuwa Yudith, mama yake Modesta, ameketi juu ya jiwe akipukuchua maharage; Yudith aliyeshusha matenga ya matunda kwa kichwa hadi Mombo enzi za ujana wake. Sefania akainama, akautoa mkono mfukoni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Maji yako wapi?"

"Yako chini, mama. Kote ni chini, Lushoto, Soni, hadi Mombo."

"Na boti?"

"Si hili hapa, juu."

"Sasa hapo nani atamvuta mwenziwe?"

Majemadari wa silinda sita wakatazama viatu vyao.

"Mzigo ukipanda unauvuta," akasema Yudith. "Ukishuka, unakusukuma wewe. Mimi shingo yangu inajua. Haya, yashusheni."

Vita vikageuzwa. Jeupe likashuka na boti mgongoni; boti likalisukuma, likalisukuma tena, na Nyati akasimama katikati ya bustani ya maua ya kina mama. Valentino, aliyekuwa amejiweka hapo ili acheke vizuri, aliruka ukuta kwa wepesi ambao hajauonyesha tena. Jeusi lilipokanyagiwa breki lililia kama mbuzi wa Krismasi, likapitiliza lango. La jivu likatiwa gia ndogo, likashuka, likaambiwa simama. Likasimama.

"Edgar, hili lina nini?" akauliza Modesta.

Dalali akajikuna. "Lilikosa mteja, dada. Nikalifunga breki mpya zote nne, angalau liuzike."

Sefania akajitetea kwa mkuki wa mwisho: "Na kulipandisha boti kurudi je?"

"Kulirudisha uvue nini, Baba Glory?" akasema Modesta. "Kabichi?"

Hata karani alicheka. Ndipo shujaa, akiwa amezingirwa pande zote, akafanya lile wafanyalo mashujaa wote: akaukamata ushauri wa wanawake akauita wake. "Enyi watu!" akanguruma. "Nilikuwa nawapima! Tangu alfajiri nalijua la jivu!" Akanyoosha kidole. "Hili!"

"Ulilijua," akasema Yudith, akirudia maharage yake.

Jumatano wakateremka, kona baada ya kona, gia ya pili, watoto wanne nyuma wakiimba, Yudith kiti cha mbele akisema neno moja tu hadi Mombo: "Polepole." Na siku ya Pasaka, katika matangazo, baada ya ndoa na kabla ya zamu za usafi, karani akasoma: "Boti linaelea. Ng'ombe watafutiwe hori lingine."

Basi andikeni, enyi wenye kalamu! Falme zimeanguka kwa kukosa mtu wa kuchagua vema. Magamba haikuanguka. Kidole kimoja kilinyooka, nacho, kwa mara ya kwanza katika maisha ya mwenyewe, kilielekea pale mkewe alipokuwa akitazama tangu mwanzo.