Nyumba Yangu Itahama Kama za Chicago

Jumatatu, 2 Septemba 1974

Msiba. Yonasi, balozi wetu wa nyumba kumi, kapita tena akitangaza. Wote tuhamie kijiji kipya kando ya barabara kuu kabla ya mvua. Kila mtu abomoe kwake, abebe mlango na nguzo, akajenge upya. Mke wangu Nesta kasema habomoi kitu. Nyumba hii tuliikandika wenyewe, ukuta wa jiko aliupaka akiwa na mimba. Ikivunjwa, anarudi kwa baba yake, kule Igamba. Hatanii. Nesta hajatania tangu tuoane. Nimeshindwa hata kula.

Jumanne, 3 Septemba

Nimepata! Kwa nini sikukumbuka mapema? Wakati wa ujenzi wa lami nilimpikia fundi mmoja Mmarekani, mzaliwa wa Chicago. Kila jioni akinisimulia ya kwao. Mji wao ulikaa kwenye tope. Maji machafu hayana pa kwenda, watu wanakufa kwa kipindupindu. Je, walihama? Thubutu! Walipachika jeki chini ya majumba ya matofali wakayainua. Hoteli inapanda, wageni ndani wanakula! Nyumba za mbao walizisukuma juu ya magogo hadi mtaa mwingine. Wao wamehamisha majumba, mimi nishindwe na vyumba viwili vya udongo? Nimemwahidi Nesta atahama akiwa jikoni, ugali ukiwa motoni. Kasema haya, tuone.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimekwenda Tunduma kwa Shaban, mwenye malori. Nikaomba jeki. Kauliza lori langu limeharibikia wapi. Nikasema si lori, ni nyumba. Kacheka mpaka kofia ikamdondoka, akawaita na madereva wa Zambia waje wasikie. Wakacheka kwa Kibemba. Hata hivyo kaniazima jeki mbili, kwa sharti kwamba siku ya kuinua nyumba aje kutazama.

Njiani nikakutana na Yonasi. Kasema, kwa upole wake ule unaoniudhi, kwamba nguzo za nyumba yangu zimechimbiwa ardhini, ndugu Andongwisye, nimelifikiria hilo? Nikamjibu kwamba yeye haijui Chicago. Na kweli haijui.

Jumamosi, 7 Septemba

Sijui nianzie wapi. Nesta alipika pombe ya ulezi, nikawaita majirani kwa kazi, kama desturi yetu. Desturi yenyewe ni kazi kwanza, pombe baadaye. Mimi nikaona wakitangulia kunywa kidogo watapata nguvu. Mjinga mimi! Jua lilipokuwa utosini nusu yao walikuwa wanaimba.

Yule fundi alisema Chicago kila mtu aligeuza jeki yake kwa mlio wa filimbi. Nikapiga filimbi. Upande wa mashariki ukapanda. Wallahi, kama asemavyo Shaban, ulipanda kiganja kizima! Nikapiga kelele: Chicago! Upande wa magharibi walikuwa wanagombania kata ya pombe.

Ukuta ukapasuka kuanzia chini hadi kwenye paa. Nesta katoka mbio, mwiko mkononi. Kisha nyumba yote ikakaa chini, taratibu, kama mzee aliyechoka. Vumbi. Shaban kavua kofia. Majirani wakarudi kwenye pombe.

Jumapili, 8 Septemba

Nesta kaondoka na kikapu chake. Hakunigombeza hata kidogo, na hilo ndilo linaloniua. Wenzangu wanapita wamebeba milango na nguzo zao. Zangu zimevunjika zote. Mimi nimebeba jeki za watu. Nimekaa juu ya kifusi nikalia, na sioni haya kuandika. Mwanaume mwenye nyumba jana, leo hana nyumba wala mke.

Jumatano, 18 Septemba

Yonasi kawakusanya watu, kila mmoja katoa nguzo moja. Wamenijengea chumba na jiko kijijini. Yonasi! Sikujua niweke wapi uso wangu. Jioni Nesta karudi, kaletwa na baba yake. Mzee kanihubiria mpaka kuku wakaingia kulala. Nikapiga magoti nikaapa mbele yake: mambo ya Wamarekani basi. Nesta kaanza kuupaka ukuta wa jiko. Nilitazama mikono yake yenye udongo, nikaanza kumkandia mwingine.

Jumapili, 22 Septemba

Tunaishi vizuri. Kasoro moja tu: kijito kinapita mlangoni kwa Yonasi, nasi tuko juu. Nesta anapandisha ndoo kichwani, inaniuma.

Leo nikiwa kanisani nikakumbuka. Mto wa Chicago ulikuwa ukimwaga uchafu kwenye ziwa walikochota maji ya kunywa. Wakachimba mfereji, mto ukageuka, ukarudi ulikotoka! Mto mzima! Chetu ni kijito tu.

Nimemweleza Nesta kila kitu. Hakubisha. Kaingia ndani mbio, namsikia anafungua sanduku la nguo. Ndiyo maana nampenda: nimesema tu mfereji, tayari anatafuta nguo za kazi.