Maharage ya Bibi Ludmila

Lyle Dombeck aliingia ukumbi wa chini ya kanisa akitafuta choo, akatoka na mpango wa kutajirika.

Ilikuwa Machi, hapa Milwaukee, theluji ya kando ya barabara imekwisha kuwa nyeusi kwa moshi wa magari, na sisi wakulima wa uani tulikuwa tumekusanyika kubadilishana mbegu na vipandikizi. Siku hiyo pesa hairuhusiwi mezani. Unakuja na chako, unaondoka na cha mwenzako, na njia nzima ya kurudi nyumbani unajipongeza kwamba umempunja. Lyle alisimama pembeni na kikombe cha kahawa ya bure, akatutazama. Alimwona Norbert Zastrow, daktari wa meno mstaafu, akipita miche ya nyanya iliyonawiri bila hata kuitupia jicho, kisha akapiga goti mbele ya bahasha ya mbegu zilizosinyaa, kwa sababu tu mwenye nazo alisema zilitoka kwa mjane fulani, marehemu.

Lyle akaelewa papo hapo. Watu hawa hawataki mbegu, wanataka hadithi. Na hadithi ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo kwa wingi.

Huko nyuma alikwisha kuuza mifereji ya paa, bima ya mbwa, na dawa ya kuondoa kutu ambayo ilileta kutu. Sasa alikuwa akilala juu ya gereji ya dada yake, Arlene, naye Arlene alikwisha kumwambia kwamba kiangazi kikimkuta bado hana shughuli, chumba kinapata mpangaji. Arlene hakuwa mtu wa kurudia maneno.

Mkutano wa Aprili ulimkuta Lyle na meza yake. Alikuwa amenunua supamaketi mfuko wa maharage ya madoadoa, yale ya kupikia supu, akayagawa kwenye vibahasha alivyovilowesha chai na kuvianika juu ya hita mpaka vikaonekana vizee kuliko yeye.

"Bibi yangu Ludmila alivuka bahari kayashonea kwenye pindo la sketi," alimwambia Norbert kwa sauti ya msibani. "Hayajawahi kutoka nje ya ukoo."

"Sasa mbona unayatoa?"

"Sina mtoto, daktari. Nikienda mimi, nayo yamekwenda."

Norbert alivua miwani akaifuta. Kisha akaweka mezani mizizi ya dalia zake za zambarau, maua ambayo shemeji yake alimwomba miaka nenda rudi akaambulia mahubiri. Nyuma yake foleni ilikwisha kujipanga. Ningependa kusema kwamba baadhi yetu tulishtuka. Hatukushtuka. Tulisukumana. Mmoja alitoa kipandikizi cha mtini wa babu yake, mwingine waridi lenye harufu ya karafuu, na mtu mmoja ambaye sitamtaja, kwa kuwa anakaa nyumbani kwangu na anavaa viatu vyangu, alitoa mche wake wa mwisho wa zabibu akashukuru kwa mikono miwili.

Lakini jicho la Lyle lilikuwa kwenye chungu kimoja meza ya mwisho. Majani yake yalikuwa ya kijani yenye kingo nyeupe, kana kwamba kila jani limechovywa kwenye maziwa. Lyle alikwisha kuwaona vijana wa mikahawa ya katikati ya mji, wanavyotoa pesa ya viatu kununua jani moja lenye doa jeupe. Akiwa na chungu kile na mahali pa kukizalisha, angekuwa na shughuli ya kumwonyesha Arlene.

Mwenye chungu alikuwa Verna Kettleson, mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke mfupi mwenye sweta nene, ambaye maisha yake yote ya kazi watoto walikuwa wakimweleza kwa nini wamechelewa.

"Pindo la sketi lilibeba maharage yote haya?" Verna aliuliza, akiyachungulia ndani ya bahasha.

"Ilikuwa sketi pana, mama."

"Naona." Alikunja bahasha akaitia mfukoni. "Na wewe unautaka huu?"

"Ni mgumu kuupata?"

"Simjui mtu aliyewahi kuununua. Wote ninaowafahamu walipewa."

"Unazaa haraka?"

"Kata mzizi, kila kipande kinaota."

"Hausumbui? Mimi mkono wangu huua hata nyasi."

Verna alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mtoto anayeomba mwenyewe kupelekwa kwa daktari wa sindano. "Huu hutauua, Bwana Dombeck. Huu ukikaa kwako, umekaa."

Kila neno lilikuwa la kweli. Walipeana mikono.

Dalia na vipandikizi vingine Lyle aliviuza wiki hiyo hiyo, pesa zikaishia kwenye madeni ya ile bima ya mbwa. Ule mmea wa maziwa hakuuuza. Aliukatakata mizizi, akaupanda kwenye udongo mzuri kuliko wote uani: tuta la pioni za Arlene. Pioni hizo, zenye maua makubwa kama kabichi, zilitoka shamba la mama yao, zikang'olewa kwa mikono ya mama yao mwenyewe siku shamba lilipouzwa. Lyle hakumwuliza dada yake. Alitaka amshangaze.

Akamshangaza. Kufikia Juni majani meupe yalikuwa yamefunika tuta. Julai yalipita chini ya njia ya saruji yakatokea upande wa pili, yakaingia kwenye nyasi, yakaingia kwa jirani. Pioni zilinyong'onyea zikiwa na vitumba visivyofunguka.

Arlene alisimama juu ya tuta akiwa bado na nguo za kazini.

"Uliyapanda wewe?"

"Yana soko, Arlene. Nipe mpaka Septemba."

"Hizi ni za mama, Lyle." Hakupaza sauti. Alichuchumaa, akashika kitumba kimoja kilichokauka, kikamdondokea mkononi. "Zitoe huko. Zikifa, usilale hapa."

Lyle alichukua reki akidhani ni kazi ya asubuhi. Mizizi ilikuwa myeupe, myembamba kama tambi, na kila kipande alichosahau ardhini kilirudi na ndugu zake. Kiangazi chote kilichobaki alikuwa amepiga magoti. Alizing'oa pioni moja moja, akaiosha mizizi yake kwenye ndoo, akaichambua kwa vidole, akazihamishia upande wa mbele wa nyumba. Mgongo ulimfundisha kunyamaza. Nyingi ziliishi. Jioni moja ya Ijumaa Arlene alimletea sahani ya samaki wa kukaanga palepale tutani, akaketi karibu naye mpaka akamaliza.

Machi iliyofuata Lyle alirudi ukumbini na trei zilizojaa vyungu vya majani meupe, na hadithi mpya kuhusu mtawa wa Bavaria. Akaanza kuisimulia. Mtu mmoja akacheka, na kicheko kikatembea meza kwa meza. Hapakuwa na mtu pale ambaye hakuwahi kupewa mmea ule na Verna. Ndivyo tunavyoingia wote kwenye kundi hili.

Lyle aliweka trei chini, akamwendea Verna.

"Ulijua tangu mwanzo."

"Nilijua."

"Na maharage yangu ulifanyaje?"

"Niliyapika na soseji siku ile ile. Yalichelewa kuiva. Siku nyingine nunua mapya."

Lyle alitazama sakafu, halafu mabega yakaanza kumcheza, akacheka mpaka akashika meza. Verna akamsogezea kiti.

Safari hii sisi wengine hatukucheka. Tulikuwa tumeyapanda maharage yale kwa heshima zote, tumeyala kwa macho yaliyofumbwa, tumeandikiana kuhusu ladha yake ya kizamani. Norbert Zastrow alisimama, uso umemwiva. Alisema yawezekana kabisa bahasha ya Verna ilikuwa na kasoro. Ya kwake, hata hivyo, ilikuwa ya Ludmila mwenyewe, mwenye ulimi anajua, na amebakiza mbegu kidogo kwa atakayejipanga.

Tukajipanga.