Kuhusu Binti Yetu na Kipaza Sauti cha Meli Yako

Kwa Nahodha wa meli kubwa nyeupe tuliyosafiri nayo likizo ya shule iliyopita.

Ndugu Nahodha,

Nakusalimu kwa heshima zote anazostahili mtu awezaye kuegesha jengo la ghorofa kumi na moja bila kukwaruza kitu. Mimi ni fundi wa miwani. Nachonga vioo na kuvitia kwenye fremu, na kwa miaka kumi na minne sijawahi kumwandikia mtu barua ya malalamiko. Kwa kawaida mimi ndiye huandikiwa. Kwa hiyo ukiona kalamu yangu inatetemeka, usidhani ni woga, ni ugeni wa kazi.

Ili usiseme hutukumbuki, tulikuwa watano. Mimi, mke wangu, ambaye ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, mama mkwe wangu, mkuu wa shule mstaafu, ambaye ndiye aliyetuzawadia safari hiyo na kwa hiyo akaja nayo, na watoto wetu wawili. Mkubwa ni binti wa miaka sita, nyumbani tunamwita Kimya, na sababu utaiona mbele. Mdogo ana miaka miwili na nusu, anaitwa Tingatinga, na sababu umeshaiona, maana nasikia mlango wa mkahawa wa ghorofa ya tisa bado uko kwa fundi.

Malalamiko yangu ni haya, nimeyapanga kuanzia dogo.

1. Taulo. Siku ya kwanza tulikuta taulo kitandani zimekunjwa kwa umbo la tembo, zikiwa na macho ya karatasi. Sijui ni nani aliyemtuma mhudumu wenu afanye hivyo. Tingatinga aliwapa wale tembo maji, akawafunika shuka, na mimi nilipotoka kuoga nikanyoosha mkono kuchukua mmoja, alipiga yowe hadi jirani akagonga ukuta. "Baba anaua tembo!" Kesho yake mhudumu akaleta tembo wengine, wale wa kwanza wakabaki kama wazazi. Kwa siku tatu familia yangu ilijifuta kwa mashati, nami nikaenda kula chakula cha heshima nikiwa nimelowa mgongo.

2. Aiskrimu. Mheshimiwa, sijui kama una watoto. Mamlaka ya baba yeyote duniani yamesimama juu ya neno moja: imeisha. Biskuti zimeisha, katuni zimeisha, betri imeisha. Kwa neno hilo nimelea watoto wawili bila kuinua sauti. Siku ya pili melini nikamwambia Kimya, kwa upole kabisa, kwamba aiskrimu imeisha. Tukapiga kona. Hapo ukutani palikuwa na mashine ya aiskrimu inayofanya kazi mchana kutwa, tena mpini wake umewekwa kwenye kimo cha mtoto wa miaka sita. Kimya alinitazama. Kuna kutazamwa kunakoshinda kutukanwa.

3. Bahari yenyewe. Tingatinga alianza kuuliza "tumefika?" kabla kamba hazijafunguliwa, akaendelea hadi tuliporudi. Kungekuwa na kitu chochote dirishani cha kumwonyesha, ningeokoka. Hamkuweka.

4. Jaketi za kuokoa maisha. Sina ubishi kwamba lazima abiria wafundishwe kuzivaa. Ubishi wangu ni kwamba kijana wenu mwenye orodha alimuuliza mama mkwe wangu, mbele ya watu, "Mama, unaweza kunisaidia kuwapanga?" Mtu aliyeongoza shule miaka ishirini na tisa haulizwi swali kama hilo. Alipanga abiria mia mbili kwa kimo. Akawatoa wanaotafuna ubani. Akamrudisha chumbani mzee mmoja akachomekee. Mafunzo ya dakika kumi yakachukua saa nzima na nusu, na mwishoni wakampigia makofi, na tangu siku hiyo ananikagua mimi kucha.

Halafu mkasahau kuwaambia wazazi kwamba kila jaketi ina filimbi. Tingatinga aliipata. Alilala nayo, akaamka nayo, akaingia nayo chooni. Nakiri hii si kosa lako moja kwa moja, lakini meli ni yako.

5. Bwawa la kuogelea. Hapa naomba busara. Siku ya nne, saa nne asubuhi, bwawa la ghorofa ya kumi lilifungwa ghafla kwa ajili ya usafi, kutokana na kitu kilichoonekana kikielea. Sitaingia kwenye undani wa kitu hicho. Nataka tu kulalamika jinsi uchunguzi ulivyoendeshwa. Kwa kuwa waliokuwa wengi majini saa ile ni kile kikundi cha waimbaji wastaafu, watu wazima wenye kofia za maua, macho ya meli nzima yaliwaangukia wao. Mama mmoja mnene wa sauti ya nne alilia. Nilimwona kwa macho yangu. Mimi nilikuwa nimekaa mbali kidogo, nimemfunga Tingatinga kwenye taulo (ya kukodi, si tembo), nimevaa miwani ya mbao, na mimi ni fundi wa miwani. Swali langu ni hili: kwa nini wafanyakazi wenu hawakuniuliza? Ningeulizwa ana kwa ana huenda ningesema. Hamkuniuliza, mkanibebesha dhambi ya kunyamaza bure.

6. Kipaza sauti. Sasa tumefika.

Lazima nikueleze kuhusu Kimya. Nyumbani anaongea. Anaongea akila, anaongea akipigwa mswaki. Akivuka kizingiti, basi. Amemaliza mwaka mzima shuleni na mwalimu wake hajawahi kusikia sauti yake. Tulimpeleka kwa mtaalamu, akatuambia tusimlazimishe, tusimbembeleze, tungoje. Tukangoja. Wakati tukingoja, mimi nikawa mdomo wake. Ananivuta shati, nainama, ananong'ona sikioni, nami natamka. Dukani, kwa daktari, kwa shangazi zake. "Anasema asante." "Anasema hapendi kubusiwa." Miaka mitatu nimefanya kazi hiyo na sijawahi kukosea hata neno.

Ndipo tukamkabidhi kwa yule mlezi wa chumba cha watoto, dada mrefu mwenye soksi zisizolingana. Nilimweleza yote. Aliitikia tu kwa kichwa, akampa Kimya bendera ndogo ya njano akamwambia, "Wewe utashika mbele." Hakumuuliza jina. Hakumwambia asiogope. Siku tano binti yangu aliongoza msafara wa watoto kumi na sita kwa bendera, kama jenerali, bila kutoa neno, na hakuna aliyemdai neno.

Siku ya sita msafara ukafika kwako, chumba cha usukani. Mlezi amenisimulia yaliyotokea, kwa hiyo usijaribu kukana. Kimya alisimama mbele ya kile kipaza sauti akakikodolea macho. Wewe, mtu mzima mwenye mistari minne begani, ukainama ukamwambia, "Ukibonyeza hapa, sauti inakwenda kote. Wewe hakuna anayekuona." Kisha ukageuka ukatazama bahari, nao wote mle ndani wakageuka wakatazama bahari.

Mimi nilikuwa ghorofa ya sita kwenye foleni ya kahawa na mke wangu. Kwanza nilisikia pumzi. Kisha nikasikia sauti ya nyumbani kwangu ikitoka darini, juu ya vichwa vya watu elfu mbili.

Nayanukuu maneno yake kama yalivyo, kwa kumbukumbu zako:

"Hamjambo. Ni mimi. Hamnioni. Bibi yangu ana tembo watatu kwenye sanduku lake, amewakunja vizuri, hawaumii. Mama amesema nahodha ana mabega mazuri. Baba husema aiskrimu imeisha lakini haijaisha, iko pale, mnaweza kwenda. Tingatinga alijisaidia kwenye bwawa. Haja kubwa. Baba akasema tutembee polepole kama watu wasiojua kitu. Wale babu na bibi wanaoimba si wao. Msiwanunie. Basi. Nimemaliza." Ikasikika pumzi tena. Kisha: "Bado naongea."

Dakika nne, Mheshimiwa. Zilizobaki alisoma namba zote za vidude alivyoviona mbele yake.

Sasa niambie. Mkono wako ulikuwa wapi? Kile kitu kina swichi. Uliposikia habari ya mabega, ulipaswa kukizima kwa maadili ya kazi. Uliposikia habari ya bwawa, ulipaswa kukizima kwa huruma. Hukukizima. Mimi niliruka kutoka kwenye foleni, nikapanda ngazi mbili mbili kuja kumnyang'anya. Nilipofika ghorofa ya nane mguu wangu ukaingia ganzi, nikalazimika kusimama na kushika ukuta hadi alipomaliza. Mke wangu anadai nilisimama kwa hiari. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa chini sakafuni kwenye foleni ya kahawa, amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, kwa hiyo ushahidi wake ni wa kusikia tu.

7. Madhara. Nayaorodhesha ili usiseme natia chumvi. Nilipoingia kula chakula cha jioni, kikundi kizima cha waimbaji wastaafu kilisimama. Nilidhani wananijia kwa fimbo. Wakaimba. Yule mama wa sauti ya nne akaja akamkumbatia Kimya, kisha akanigeukia mimi akasema, "Na wewe, baba mzima." Maneno hayo tu. Sijayamaliza hadi leo. Mama mkwe alirudisha tembo wawili hadharani, akiwa amenyoosha shingo kama mtu anayekabidhi vikombe vya ushindi. Mke wangu aliagana nawe bandarini huku akitazama viatu vyake.

Na kwenye forodha, afisa alituuliza kama tuna bidhaa yoyote ya kutamka. Swali hilo miaka yote hujibiwa na mimi. Niliinama, kama kawaida yangu, nikamwekea Kimya sikio. Hakulihitaji. Alimtazama yule afisa usoni akasema, "Ndiyo. Tembo mmoja." Tulikaa pale dakika arobaini, sanduku la mama mkwe limefunguliwa lote, nguo zake za ndani zikihesabiwa na mtu aliyewahi kuwa mwanafunzi wake.

Kwenye teksi Kimya alimwelekeza dereva njia. Kona kwa kona. Nilikaa kiti cha nyuma nimeshika mifuko, sina la kutamka kwa niaba ya mtu yeyote. Mheshimiwa, nilikukabidhi mtoto aliyehitaji baba wa kumsemea. Ulichonirudishia ni mtoto anayemwambia dereva wa teksi apunguze mwendo. Nilikuwa na kazi mbili, ya miwani na hiyo nyingine. Ile nyingine ndiyo niliyokuwa nikiiweza.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, utoe tangazo kwa sauti ile ile na kipaza sauti kile kile kwamba habari ya bwawa ilikuwa hitilafu ya mitambo. Pili, umwandikie mama mkwe wangu barua kwamba tembo yule wa tatu alikuwa zawadi, maana hajanisemesha tangu forodha, ingawa sikusema mimi. Tatu, uvae koti pana zaidi kazini. Nne, na hili ndilo kubwa, unirejeshee binti yangu jinsi nilivyomleta, au kama haiwezekani, unifahamishe kwa maandishi baba afanye nini na sikio lililozoea.

Mke wangu amesoma barua hii juu ya bega langu. Ameniuliza, "Baba Kimya, hii ni ya malalamiko au ya mapenzi?" Nimemjibu haya ni mambo ya wanaume wawili wenye dhamana. Amecheka, ameondoka na chai yangu.

Nisalimie mabaharia wako wote, wapishi, mhudumu wa taulo ingawa sijamsamehe, kijana wa orodha kama bado yuko kazini, na yule dada wa soksi. Huyo mpe mkono kwa niaba yangu, mkono wa kulia, kwa nguvu. Waimbaji ukikutana nao, wasalimie ukiwa mbali.

Ni mimi, nisiye na kinyongo nawe ila haya niliyoyataja,

Fundi wa miwani, baba wa watoto wawili.

N.B. Nilikuwa naitia barua hii kwenye bahasha pale kazini, simu ikalia. Mwalimu wa Kimya. Nikaacha kioo cha mteja kwenye mashine kikaisha chote kama pipi. Mwalimu ameniambia amemhamisha Kimya kiti mara mbili wiki hii. Anaongea wakati wa hesabu. Anaongea kwenye foleni. Leo amemwambia mkuu wa shule, mbele ya mstari, kwamba hotuba yake ilikuwa nzuri ila ndefu. Nimemwomba mwalimu arudie. Amerudia. Nimemwomba tena. Basi Mheshimiwa, yafute yote hayo ya juu, kuanzia la kwanza hadi la saba, na ututengee chumba kile kile likizo ijayo. Mwalimu alikuwa na ombi moja tu, kwamba kwa kuwa mimi ndiye mzazi nimfundishe namna ya kumnyamazisha. Nimemwambia ukweli: sijui, na sina haraka ya kujifunza.